Upande wa Kulia Juu

Giza lilikuwa linaingia Mitsue aliporudi kwenye nyumba ya wageni, keki ya maharage matamu mkononi, bado ya moto. Mumewe, Kiyoharu, alikuwa ameitamani tangu wodini. Daktari alisema moyo umechoka. Safari ya siku mbili basi, na ngazi asipande. Wakachagua Tsuwano, walikokula fungate yao, mji wa kimya ambao hata samaki wa mitaroni wananenepa kwa kukosa shughuli.

Alimkuta ameshaoga, amekaa kwenye mkeka, amevaa yukata ya wageni, kanzu nyepesi ya kupishanisha kifuani na kufunga kwa mkanda.

Mitsue akasimama mlangoni.

Upande wa kulia ulikuwa juu ya wa kushoto. Hivyo huvalishwa maiti. Hata mtoto wa chekechea analijua hilo.

"Wewe mzee, umeanza kujizika mwenyewe?" akatania, huku vidole vikifungua mkanda harakaharaka. "Nani kakuvalisha hivi?"

"Bibi wa hapa. Mikono ilinitetemeka, akanisaidia. Mpole huyo."

Akamfunga upya, kushoto juu, kisha akatoka kumtafuta huyo bibi ampashe.

Jikoni alikuwepo mwenye nyumba tu, anakata figili.

"Bibi gani, mama? Hapa niko peke yangu." Kisu kikatulia. "Marehemu mama yangu ndiye aliyekuwa akivalisha wafu wa mtaa huu. Alikuwa haitwi. Alikuwa akija mwenyewe... kabla wenye msiba hawajajua. Mwaka wa tisa huu tangu tumzike."

Ukiambiwa hivyo, utakaa? Mitsue alirudi mbio. Harufu ya ubani ilimpokea kabla hajafungua mlango.

Kulia juu. Na fundo limesimama wima, fundo la maiti.

Akalifungua, akafunga vizuri. Akageuka kuvuta blanketi tu...

Kulia juu.

"Mwache, Mitsue," Kiyoharu akanong'ona, macho ameyafumba. "Ana mikono laini."

"Simwachi. Nitabaki na nani mimi?"

Akachukua yukata yake ukutani, akaivaa juu ya nguo zake. Kulia juu ya kushoto. Fundo wima. Akapiga magoti katikati ya chumba.

"Bibi," akasema. "Nichukue mimi. Nimeshavaa."

Nje, mtaroni, samaki alipiga mkia.

Kisha vidole asivyoviona vikamgusa kifuani. Vikalegeza fundo, taratibu. Vikarudisha upande wa kulia chini, wa kushoto juu, vikanyoosha ukosi na kumfunga mkanda vizuri, kama mama anavyomvalisha binti anayekwenda shule. Vikampigapiga begani mara mbili.

Vikaondoka.

Mitsue akamtazama mumewe. Kifua kilikuwa hakipandi tena. Akamwita, akamtikisa, akamwita tena.

Keki ya maharage ilikuwa haijapoa.