Jina Lililofutwa kwenye Masharti

Kicheko kilitoka kwenye runinga bila kichekesho kutangulia. Wendell Harju akaacha kutafuna. Ilikuwa video ya sikukuu ya kuzaliwa ya binti yake, Elsi, na aliyekuwa akichekesha watu siku ile ni yeye mwenyewe. Sasa midomo yake ilicheza tu, sauti haikuwepo.

“Fundi mzima wa programu, nyumbani kwake runinga imemshinda,” mkewe Corinne alimtania, akimkatia Elsi kipande cha pai ya nyama.

“Kasoro ndogo tu hiyo,” alisema Wendell.

Hapo ndipo aliposikia harufu ya maganda ya machungwa. Nyumbani hapakuwa na chungwa hata moja.

Harufu ile aliijua. Rafiki yake Orrin Lahti ndiye aliyeunda programu waliyokuwa wakiitazamia video hiyo, ya kutunzia video, picha na nyimbo za familia, akaigawa bure kwa dunia nzima, anayetaka aichukue na kuichokonoa. Masharti yake ya matumizi hata mvivu angeyamaliza: tumia bure, badilisha upendavyo, ikiharibika usinililie, ila jina la aliyeianzisha usiliondoe. Orrin alikula machungwa akiwa kazini, na alisafisha koo kila alipotaka kuandika. Alipofariki, Wendell aliachiwa usimamizi wa programu. Mchana mmoja, bila kushurutishwa na mtu, akalifuta jina la marehemu kwenye masharti na kuweka lake. Mji mzima wa Marquette ukampongeza, naye akazipokea pongezi huku akiona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Baada ya sauti ukafuata uso. Kwenye video ya harusi Corinne alicheza akiwa amekumbatia hewa, kwenye picha za ziwani Elsi alielea juu ya maji bila mikono ya kumshika, na kila Wendell alipofungua picha nyingine akitumaini kujiona japo bega, japo kivuli, nyuma ya kiti chake mtu alisafisha koo, polepole, kama anayejiandaa kuanza kazi, na harufu ya machungwa ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka.

Alimkuta Marit, mjane wa Orrin, akiondoa theluji ngazini kwa koleo.

“Marit, kuna kitu nyumbani kwangu,” alinong’ona.

“Kinanukia machungwa.” Marit hakuacha kuchota. “Nilimngoja hapa, hakuja. Nikajua amekwenda kwako.”

“Kumbe ulijua nilichofanya?”

“Huwa nayasoma yale masharti nikimkumbuka. Ndipo mahali pekee alipojiandika, Wendell. Kaburi lenyewe halijapata jiwe, tunangoja theluji iyeyuke.”

Wendell alitamani ardhi ipasuke aingie. “Nimfukuzeje?”

“Humfukuzi. Rudisha jina. Na kwenye maelezo ya badiliko, si huwa mnaandika mmebadilisha nini na kwa nini? Basi andika ukweli, kila mtu ausome.”

Alikwenda moja kwa moja maktaba, akafungua kompyuta. Jina la Orrin alilirudisha mahali pake. Lakini alipofika kwenye maelezo uso ulimwaka. Aliwafikiria wenzake wote watakaosoma, waliomwita mtu muungwana. Akaandika, “Nimelifuta jina la rafiki yangu.” Akayafuta maneno hayo. Kisha akaandika, “Nimesahihisha kosa la uchapaji,” akatuma upesi kabla hajabadili mawazo.

Alifungua picha ya harusi. Uso wake ulikuwa umerudi, unacheka kando ya Corinne. Wendell alilia kwa furaha yenye aibu, akavaa koti, akaharakisha nyumbani.

Ufunguo haukuingia mlangoni. Akabisha. Pazia likasogezwa, Elsi akamchungulia kwa macho ya mtoto aliyekatazwa kuongea na asiowafahamu.

“Elsi, mama, nifungulie. Ni mimi.”

Mtoto akarudi nyuma. “Mama, kuna mtu nje. Analijua jina langu.”

“Usifungue,” sauti ya Corinne ilijibu kutoka jikoni, imetulia kabisa. “Mwite baba yako aende kumtazama.”

Kiti kikasogezwa ndani. Harufu ya machungwa ikapenya chini ya mlango, na mtu akasafisha koo, polepole, akija kufungua.