Karatasi Iliyogoma Kugeuka Rangi

Kila siku baada ya masomo, jua likiwa bado kali, wanariadha wa shule walikusanyika uwanjani. Upande mmoja wa uwanja palikuwa na barabara kuu. Upande wa pili, karakana ambako mama yake Swala alipaka magari rangi. Swala halikuwa jina lake. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu ya mbio zake, lakini siku hizi walimtania nalo. Akimaliza mzunguko wa pili tu, kifua kilimwasha, machozi yakamtoka, kikohozi kikamkunja.

"Haya, umeanza!" Kocha alifoka. "Asubuhi unaruka huku na kule, mchana unajifanya mgonjwa. Jumamosi nachagua timu ya kupokezana vijiti. Ukiendelea na uvivu huu, nafasi yako nampa mwingine."

Mvivu! Neno hilo lilimkera Swala kuliko kikohozi chenyewe. Alijua shida ni hewa, lakini kila alipofungua mdomo aliambiwa anatafuta visingizio.

Akaenda kwa mwalimu wa sayansi, akaomba karatasi za kupimia ozoni, ile gesi inayokera mapafu. Zilikuwa zimepakwa wanga na chumvi yenye iodini. Ukizilowesha kidogo na kuzitundika penye ozoni, hugeuka zambarau. Swala aliondoka anatabasamu. Sasa Kocha atanyamaza!

Asubuhi na mapema alitundika karatasi kwenye nguzo kando ya barabara, malori yakimpulizia moshi mweusi usoni. Alisubiri hadi kengele ya shule ikakaribia. Nyeupe. Kesho yake akarudia. Nyeupe pee!

"Hivi una nini wewe?" aliifokea karatasi, mpita njia mmoja akamwangalia kwa wasiwasi.

Asubuhi iliyofuata aliitundika tena, ikabaki nyeupe, na uvumilivu ukamwishia. Kwenye sanduku la huduma ya kwanza kulikuwa na chupa ya iodini ya kupaka vidonda. Alidondosha tone moja tu. Karatasi ikageuka zambarau iliyokolea, naye akakimbia nayo hadi kwa Kocha, aliyekuwa akizungumza na mwalimu wa sayansi uwanjani.

Mwalimu aliipokea, akaigeuza, akainusa. "Mwanangu, ozoni haiachi alama ya tone. Wala hainuki dawa ya vidonda."

Swala aliinamisha kichwa. "Nimeipaka mwenyewe, Mwalimu. Nimechoka! Nasema kifua kinaniuma, hakuna anayenisikia. Na karatasi nayo imenigomea!" Akaangua kilio cha hasira.

"Mvivu, na sasa mwongo," alisema Kocha.

"Ngoja kwanza," Mwalimu alimtuliza. "Uliitundika wapi?"

"Barabarani, asubuhi."

"Basi karatasi ilisema kweli. Ozoni haitoki kwenye bomba la lori. Magari hutoa gesi za nitrojeni. Petroli, rangi na thina ya kuyeyushia rangi hutoa mvuke. Vikichanganyika hewani, jua huvipika, ozoni ikaiva mchana. Asubuhi jiko bado halijawaka. Tena moshi uliotoka punde kwenye gari huimaliza ozoni iliyo karibu yake."

Thina! Swala aligeuka kutazama karakana. Makopo ya thina yalikuwa wazi juani, mama yake akisuuza bomba la kupulizia rangi.

"Si mama yako peke yake," Mwalimu aliharakisha kusema. "Mji mzima unachangia."

Kocha alikunja mikono. "Kesho natundika mwenyewe, hapa hapa uwanjani. Na asiguse mtu!"

Kesho yake alitundika karatasi moja asubuhi, nyingine mchana, akazilinda kama golikipa. Ya asubuhi ilibaki nyeupe. Ya mchana ikaanza kugeuka yenyewe, ikaenea zambarau kila pembe. Kocha aliitazama, kisha akakohoa.

"Nilikuonea, Swala," alisema. "Mazoezi yote yatakuwa asubuhi. Na timu nitaichagua asubuhi."

Mama alipoelezwa, alishika kiuno. "Makubwa! Kumbe namkohoza mwanangu mwenyewe?" Akayafunika makopo yote, na kazi ya kusuuza akaihamishia jioni.

Jumamosi, jua likichomoza, Swala alikimbia hadi mwisho bila kukohoa. Kocha akampa zamu ya mwisho ya kijiti. Wenzake walipomaliza kumbeba juu juu, Mwalimu alimvuta pembeni.

"Hongera. Ila nikuulize: ile karatasi yako ya uongo tungeiamini, ingetuambia nini?"

Swala alifikiri. Aliitundika asubuhi. "Kwamba hewa mbaya ni ya asubuhi," alijibu taratibu.

"Na mazoezi je?"

"Yangebaki mchana." Sauti ilimfifia.

"Ndiyo hivyo. Ulisema kweli tangu mwanzo, ila ungejidanganya mwenyewe kwanza, ukaendelea kukohoa. Jibu likikukataa, rudi uulize tena. Usilipake rangi."