Manukato ya Léontine

Katika chumba cha kupimia manukato, huko Grasse, mji wa manukato kusini mwa Ufaransa, mfanyakazi haruhusiwi kunukia chochote. Anaoga kwa sabuni ya kufulia isiyo na harufu, hajipaki kitu, ndipo anagusa mizani. Kwa hiyo mchana mmoja wa mwaka 1968, mpimaji Honorine Audibert aliporudi kutoka kula akakuta chumba kimejaa harufu ya mwanamke aliyejipamba, alimkata jicho Maryvonne, binti aliyekuwa akimsaidia. Maryvonne akaapa hajajipaka kitu. Akakunja pua.

"Nani kaja na harufu ya bibi yangu humu?"

Honorine aliijua. Ilikuwa ya manukato ya zamani ya kampuni, yaleyale waliyoamriwa kuyabadilisha. Bosi wao, Bwana Fabron, alisema wanawake wa siku hizi wanavaa suruali na kuendesha magari, hawataki kunukia kama vikongwe. Asumini ipunguzwe, na ile harufu nzito ya miski, ya mnyama, iliyo chini yake itolewe kabisa. Lakini kila alichokipunguza Honorine asubuhi kilirudi mchana. Karatasi za kunusia alizozichovya kwenye mchanganyiko mpya zilikauka zikiwa na harufu ya zamani, tena nzito kuliko mwanzo.

Siku ya nne alikuwa peke yake, jua la saa tisa limejaa dirishani, aliposikia viatu vya visigino vikija taratibu juu ya vigae, vikaizunguka meza, vikasimama nyuma ya kiti chake, naye kwa woga, ili aipumzishe pua kama wapimaji wote wafanyavyo, akainamisha uso kwenye kiwiko chake anuse ngozi yake isiyo na kitu, akaikuta harufu iko palepale, inafuka kutoka ndani, ya moto, kana kwamba kuna mtu amemvaa yeye kama gauni.

Hakupiga kelele. Alilia tu, maana alishamjua.

Mama yake, Léontine, alijipaka manukato hayo tangu yalipotoka mara ya kwanza, enzi akiwa msichana aliyekata nywele na kuvuta sigara barabarani. Wakati ule yalikuwa ya wasichana wakaidi, na watu wazima walivuka upande wa pili wakimwona. Honorine alikua akimwonea aibu. Asubuhi ya Komunyo yake ya Kwanza, akiwa na miaka kumi na miwili, alimwambia mlangoni: kaoge kwanza, unanuka. Léontine akaenda kuoga. Hakujipaka tena, na majira ya baridi yaliyofuata kichomi kikamuua.

Mchanganyiko ulipoharibika mara ya sita, Bwana Fabron alisema wiki ikiisha hivihivi atatafuta mpimaji mwingine. Honorine alikuwa mjane, na zaidi ya pua yake hakuwa na kitu duniani. Maryvonne ndiye aliyemleta Bibi Zéphirine, mwanamke anayeondoa kijicho kwa mafuta ya zeituni. Bibi akadondosha matone matatu kwenye sahani ya maji. Hayakuelea. Yalizama kama changarawe.

"Huyu si wa kutumwa, mwanangu," akanong'ona. "Ni mtu wako. Anauliza kama bado ananuka."

"Nimjibu nini?"

"Ukisema hapana, atakaa na wewe mpaka ufe. Utanukia yeye, na hakuna atakayekukabidhi mizani tena. Ukisema ndiyo, ataondoka."

Honorine akageuka, akatazama nyuma ya kiti chake. Alimpenda mama yake kuliko alivyowahi kumwambia, na alihitaji kula.

"Ndiyo, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Bado."

Visigino vikatoka bila haraka, vikashuka ngazi. Mafuta yakapanda juu ya maji.

Manukato mapya yalikamilika Ijumaa, mepesi na safi kama shati lililotoka kuanikwa, na Bwana Fabron akafurahi. Jioni ile Honorine akaitoa kabatini chupa ya mfano ya yale ya kwanza. Akanusa, akanusa tena. Maji matupu. Akachovya karatasi, akampa Maryvonne.

"Yamekufa, sivyo?"

"Yamekufa wapi, mama? Makali mpaka machozi yananitoka."

"Yananukiaje?"

Maryvonne akafumba macho. "Kama mtu aliyejipamba, ana mahali pa kwenda, anakusubiri wewe tu mtoke."

Honorine akamwomba amwambie tena.