Siku Nne Majini

Evelina hakwenda Mwaloni kutafuta mwanaume. Alikwenda kununua sangara, Jumamosi asubuhi, saa ambazo soko la Kirumba linajaa hadi watu wanapita kwa ubavu, magunia ya dagaa yako vichwani mwa wapagazi na maji ya samaki yanachuruzika miguuni. Alivaa gauni la njano na ndala, maana viatu vizuri haviendi Mwaloni. Akamwinua sangara mmoja, akafunua mashavu yake, akanusa, akambonyeza mgongo kwa kidole gumba na kusubiri aone kama nyama inarudi.

"Dada, unanunua samaki au unampima homa?"

Aliyesema alikuwa kijana mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nywele, shati limepungua kifungo, na furushi la pamba kwapani.

"Huyu amelala nje ya barafu tangu juzi," Evelina alimjibu, akamrudisha samaki mezani. Muuzaji akanuna.

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Nanusa samaki kiwandani, Nyakato."

"Na watu je, unawanusa?"

"Watu hawahitaji kunuswa. Ukiwasikiliza kidogo tu unajua walioharibika. Hiyo pamba ya nini, unashona magodoro?"

"Natengeneza mitumbwi."

"Kwa pamba?"

"Njoo Igombe uone. Ukikuta uongo, utarudi zako, daktari wa samaki."

Alikwenda Jumapili iliyofuata, na Jumapili iliyofuata hiyo. Kijana yule, Luhende, hakuwa amedanganya. Mbao zilipangwa ubavuni mwa mtumbwi kama mbavu za ng'ombe, na kila zilipokutana aligongelea pamba iliyosokotwa, kwa patasi na nyundo, taratibu, sikio lake likiwa karibu na mbao kama mtu anayesikiliza mlango. Upande wa pili alikuwepo Obedi, mwenzake wa kazi tangu utoto wao Sengerema, mtu mfupi, mcheshi, asiyenyamaza.

"Shemeji," Obedi alimwambia siku ya kwanza tu, "ukimchoka huyu mimi nipo. Ila usinipeleke majini. Mimi naunda mitumbwi, kuogelea sijui."

"Fundi wa mitumbwi hujui kuogelea?"

"Fundi wa majeneza naye anajua kufa?"

Wakacheka wote watatu. Evelina angekuja kukikumbuka kicheko hicho wakati asiotaka.

Luhende alikuwa ameunda mitumbwi arobaini ya watu wengine. Huu ulikuwa wa kwanza wa kwake, wenye tanga, na kisanduku cha kulala watu wawili kwa kubanana. Alitaka kulizunguka ziwa lote.

"Mitumbwi yangu imefika Goziba, imefika Uganda," alisema. "Mimi nimebaki hapa kama mzazi aliyepeleka watoto shule ya bweni."

Maneno hayo yalimwingia Evelina kuliko sifa zote za macho yake na rangi yake ambazo wanaume walikuwa wamempa. Kwa miaka sita, kila siku, aliandika kwenye fomu mahali samaki alikotoka: Goziba, Irugwa, Ukara, Maisome, Bumbire. Aliviandika visiwa hivyo kwa kalamu ya bluu, ndani ya chumba baridi, amevaa koti jeupe na viatu vya mpira, na hakuna hata kimoja alichowahi kukanyaga. Jioni ile alimtajia Luhende majina yote, moja moja, na Luhende aliacha kugonga nyundo ili amsikilize.

Hivyo ndivyo walivyopendana. Hakukuwa na maua.

Miezi saba baadaye simu zao zilikuwa za namna moja.

"Fundi, umekula?"

"Nimekula. Daktari, umeomba likizo?"

"Wamekataa. Miezi mitatu bila malipo, wanasema haipo."

"Sasa?"

"Sasa nafikiri."

"Usifikiri sana, mpenzi. Ukifikiri sana utaniona nilivyo."

"Nimeshakuona ulivyo. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba nataka kwenda."

Mama yake, Mama Tereza, hakutafuna maneno. "Nimekusomesha diploma ili ukalale kwenye mtumbwi? Kuna nini huko?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana naenda."

"Na akikuacha katikati ya maji?"

Swali hilo Evelina alilala nalo, akaamka nalo.

Yeye na Luhende waliafikiana kuondoka Jumatatu ya pili ya Septemba. Evelina alipeleka barua ya kuacha kazi Ijumaa kabla yake, akidhani atashikiliwa hadi jioni. Meneja aliisoma, akamwambia aache koti na viatu mlangoni. Saa tano asubuhi alikuwa nje ya geti, hana kazi, na badala ya kulia akaona kichekesho. Akaenda nyumbani, akachukua begi, akapanda bodaboda hadi Igombe. Alitaka kumshangaza Luhende.

Kambi ya wavuvi ilikuwa tupu. Ilikuwa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa hawafanyi kazi kwa sababu taa zao hazimvuti samaki, na wengi walikuwa wamekwenda makwao. Obedi hayupo. Luhende hayupo, na simu yake haipatikani. Mtumbwi uliokaa nchi kavu kiangazi chote, ukisuguliwa na kupakwa rangi, haukuwepo mahali pake.

Aliuona majini, hatua kumi kutoka ufukweni. Umezama hadi kingo. Rangi ya kijani ilimetameta chini ya maji, na ndani yake, kuanzia mbele hadi nyuma, yalipangwa mawe makubwa.

Evelina aliyatazama mawe hayo kwa muda mrefu. Mtumbwi ukizama wenyewe ni bahati mbaya. Mawe hupangwa na mtu. Alijua mara moja, kwa uhakika uleule wa kumjua samaki mbovu, kwamba Luhende ameogopa. Ameuzamisha mwenyewe, akakimbia, Jumatatu aje amwambie kwa huzuni kwamba safari haipo tena.

Mwanamke mwingine angekaa chini alie. Evelina alipanda kilimani, palipokuwa panajengwa nyumba, akawakodi vijana sita wa kubeba mawe, watu wa bara wasiojua lolote la ziwa. Wakatoa mawe, wakachota maji, wakauburuta mtumbwi hadi juu kabisa, kwenye mchanga usio na kivuli. Alitaka Luhende akirudi aukute nchi kavu, asipate kisingizio. Kisha akamwandikia ujumbe:

"Nimeutoa mtumbwi wako ulioujaza mawe. Kama uliogopa ungesema. Mimi nimeacha kazi. Usinitafute."

Akaifungia namba yake.

Luhende alikuwa kijijini, ng'ambo ya ziwa, mbele ya Sengerema mahali pasipo na mtandao, akimuaga baba yake. Jumatatu alfajiri, akirudi, ujumbe ulimkuta darajani. Alipofika Igombe akaukuta mtumbwi juani, siku ya tatu. Alipitisha kidole kwenye maungio ya mbao na kidole kikaingia.

Jambo lenyewe ni dogo, na kila mtu wa ziwani analijua. Mbao zikikaa juani hunywea. Mtumbwi uliokaa kiangazi chote nchi kavu hushushwa majini, huzamishwa kwa mawe na kuachwa siku nne, mbao zivimbe, zibane pamba, maji yasipate njia. Luhende hakumwambia Evelina kwa sababu hakuwahi kufikiri kuna mtu asiyejua. Nani humweleza mwenzake kwamba maharage hulowekwa?

Alipiga simu, haikupita. Akaenda nyumbani kwao Evelina, Mama Tereza akamjibu kupitia dirisha kwamba binti yake hayupo, huku binti yupo nyuma ya pazia. Mwisho alimfuata Gladness, rafiki wa Evelina wa kiwandani, akampa ujumbe: "Mwambie kesho saa nne asubuhi aje Mwaloni, pale tulipoonana. Nitakuja na mtumbwi, mimi na Obedi. Aone kama niliogopa."

Kesho. Hakusema baada ya siku nne. Mapenzi yaliyotukanwa hayana siku nne.

Aliuloweka usiku mmoja.

Evelina alikwenda. Alijiambia anakwenda kumsuta, lakini alivaa gauni lile la njano na safari hii alivaa viatu vizuri. Saa nne ikapita, saa tano. Upepo ulikuwa umeinuka na maji yamekuwa ya kijivu, yenye meno. Alisimama kati ya magunia ya dagaa, wapagazi wakimpigia kelele apishe, akitazama kaskazini hadi macho yakamuuma.

Saa saba uliingia mtumbwi wa mzee Shimba, Mkerewe aliyekuwa akileta samaki Kirumba tangu Evelina hajazaliwa. Nyuma yake kilikuwa kinavutwa kitu cha kijani kilichojaa maji. Ndani, Luhende alikaa amefunikwa tanga, midomo imepauka. Peke yake.

"Obedi yuko wapi?" Evelina aliuliza.

Luhende alijivutia tanga hadi usoni. Mzee Shimba alishuka, akauzunguka ule mtumbwi wa kijani, akaingiza kucha kwenye maungio. Alisema bila kupaza sauti, kama mtu anayeuliza bei, "Mbao zimepasuka kwa jua. Nani aliutoa huu majini?"

Wapagazi walitua magunia.

"Mimi, baba," alisema Evelina.

Mzee alimtazama kuanzia viatu hadi uso. "Ulikuwa umelowekwa, mwanangu," akasema, na hapo ndipo Evelina alipoelewa mawe.

Mwili wa Obedi ulipatikana siku ya pili. Walimzika Sengerema. Evelina alikwenda ingawa mama yake alimkataza. Alikaa jikoni na wanawake, na mama yake Obedi, aliyekwisha kuambiwa kila kitu, alimwonyesha pa kukaa. Alimpa kisu na beseni la viazi amenye. Alimenya hadi vidole vikakakamaa, na hakuna aliyemwambia inatosha.

Luhende alimkuta nyuma ya nyumba, akimwaga maganda.

"Nilikuwa sijui," Evelina alisema.

"Najua hukujua."

"Nisingeutoa."

"Sikiliza, Evelina. Wewe hukujua. Mimi nilijua. Nilijua, nikamwambia Obedi apande, akapanda kwa sababu ni mimi nimesema. Aliniuliza mara moja tu, 'Zimeshiba kweli hizi mbao?' Nikamwambia zimeshiba." Akafuta uso kwa mkono. "Usiniombe msamaha. Ukiniomba, na mimi itabidi nimwombe mtu, na huyo hayupo."

Wakaachana hapo, bila kugombana, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Luhende aliuza zana za mitumbwi, akahamia Igoma, akawa anatengeneza vitanda na milango kwenye karakana ya barabarani. Hakushuka tena ziwani. Evelina alikaa miezi kadhaa nyumbani, akiambiwa kila siku kilichotokea kama vile hakijui. Kiwanda kilikuwa kimeshaweka mtu mwingine. Kisha ikatokea kazi ambayo wengi waliikimbia: mtu mwenye diploma ya samaki wa kuzunguka visiwani, kuwafundisha wanawake kuanika dagaa juu ya chanja badala ya mchangani. Usafiri ajitafutie. Evelina aliikubali.

Alikwenda Igoma mwezi wa tano. Luhende alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo fundi," Evelina alisema.

"Nimezeeka kiasi hicho?"

"Kidogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kutaniana tangu Septemba, na wote wawili walitazama pembeni.

"Nataka mtumbwi wako," Evelina akasema. "Mzee Shimba amekubali kuuendesha. Anakwenda Ukara, Irugwa, halafu mbali. Mimi nafuatana naye."

"Mtumbwi ule umeua mtu."

"Mtumbwi haujaua. Tumeua sisi, mimi na wewe. Umelala Igombe na nyasi zinaota ndani."

Luhende aliweka randa chini. "Bado unataka kwenda? Baada ya yote yale?"

"Nataka zaidi. Naona aibu kukuambia, lakini ndivyo ilivyo. Kila usiku naviona visiwa, na kila usiku namwona Obedi. Kukaa nyumbani hakujamwondoa."

Magari ya Musoma yalipita, vumbi likashuka juu ya vitanda vipya. Luhende akasema polepole, "Tuoane, Eva. Tukae hapa. Chumba ninacho. Nitapeleka posa kwa mama yako hata kesho, anitukane, nivumilie."

Miezi minane alikuwa ameyangoja maneno hayo. Alimshika mkono, ule wenye makovu ya patasi.

"Njoo nami," alisema.

"Siwezi kuyapanda yale maji."

"Basi mimi siwezi kukaa. Nikikaa nitakuwa nakulaumu kila ninapokupakulia chakula. Niulize nikirudi."

"Na usiporudi?"

"Utakuwa hujauliza."

Luhende akachukua patasi, nyundo na furushi la pamba kutoka chini ya meza, ambako, kwa mtu aliyeuza zana zote, vilikuwa vimefichwa vizuri sana.

Alibadilisha pamba yote. Akausukuma mtumbwi majini, akaujaza mawe kwa mikono yake, jiwe kwa jiwe, na akakaa ufukweni siku nne akiulinda. Evelina alimletea ugali na sato, wakala bila maneno mengi. Usiku wa tatu Luhende alimtaja Obedi kwa jina, kisha akasimulia kichekesho chake kimoja, vibaya, na hakukimaliza.

Asubuhi ya tano waliutoa mawe na maji. Luhende aliingia ndani, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila ungio, mbele hadi nyuma. Mzee Shimba alisubiri bila kumharakisha. Ilichukua karibu saa nzima.

"Kukavu," Luhende alisema.

Evelina alipanda, begi miguuni, gauni limefungwa kiunoni kwa khanga. Tanga likapanda. Luhende aliusukuma mtumbwi, na ulipokwisha kuelea hakuachia. Alitembea nao, maji yakampita magoti, yakafika kiunoni, yeye aliyesema hayawezi tena. Mkono wake ulishika ukingo, na mkono wa Evelina ulikuwa juu yake.

"Ukifika Irugwa unipigie."

"Kama mtandao upo."

"Kama haupo?"

"Basi ujue mtandao haupo. Usifikiri kitu kingine."

Akatikisa kichwa kukubali. Maji yalimfika kifuani. Akaachia.