Neno la Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Mwanapili alitenga makonyo, vile vijiti vya karafuu, na karafuu zenyewe, akachungulia daftari lililokuwa gotini.

"Yonder?"

"Kule mbali," wenzake waliitika huku vidole vikiendelea kuchambua.

"Byre?"

"Kichaka."

Mwanapili alisita. Msimu ule wa mwaka 1959, wasichana wa darasa lake pale kijijini Gando walichambua karafuu nyumbani kwa Bi Mwatum, mwenye shamba, kila baada ya Alasiri. Hapo ndipo walipohifadhi maneno ya kale ya Kiingereza kwa kuitikiana, kama walivyohifadhi sura za Kurani chuoni. Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kamusi ilikuwa moja tu, na Mwalimu Nyange alimkabidhi Mwanapili anakili maana za maneno sitini ya mtihani kwa niaba ya wote. Lakini ukurasa wenye neno byre ulikuwa umeliwa na mchwa. Mwanapili hakutaka kuonekana ameshindwa, akabuni maana.

Sasa uongo wake ulikuwa katika vinywa vitano.

"Mwalimu wetu, Kiingereza kimekwisha?" Mwanabaraka, mmoja wa wenzake, alimtania.

"Kichaka kifuteni," Mwanapili alisema polepole. "Sikukiona kwenye kamusi. Nilitunga."

Vidole vilisimama.

"Na mengine mangapi umetunga?"

"Hilo tu."

"Tutajuaje?"

Mwanapili aliinuka. Alichukua kamusi, akaenda kwa Mwalimu Nyange, nyumba ya tatu kutoka hapo, akamweleza yote.

"Byre ni banda la ng'ombe," mwalimu alisema. "Ungeacha nafasi wazi, ningekujazia papo hapo. Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kuwapa wenzako usichokijua, nao wanakuamini. Umefanya vyema kusema mapema. Sasa rudi ukawasaidie kulitoa neno hilo la kubuni vichwani mwao. Itachukua muda."

Ilichukua muda kweli. Mwanaasha, mwenzao ambaye akishika neno haliachi, alijibu "kichaka" mara tatu kabla ya kusema "banda la ng'ombe."

Kisha Mwanabaraka akanyoosha mkono. "Lete kamusi. Wewe soma daftari lako, mimi nitaangalia. Tunaanza neno la kwanza."

Mwanapili alimpa kamusi, akafungua daftari. Walikuwa wamefika neno la kumi na tisa kati ya sitini Magharibi ilipoadhiniwa. Bi Mwatum alifunika karafuu zilizobaki.

"Inukeni mkasali, wanangu. Mengine kesho."

"Kesho njoo mapema," Mwanabaraka alimwambia Mwanapili, akampa kamusi aibebe.