Uzi Mweusi Kwenye Mlango wa Mvuke

Maiti ya mwanamke ilikuwa imelala chali mbele ya mtambo wa mvuke, imefunikwa shuka la kijani. Miguu tu ndiyo iliyoonekana. Kiatu kimoja kilikuwa kimemchomoka na kurushwa hadi chini ya sinki.

Inspekta aliinua upindo wa shuka, akatazama, akaurudisha taratibu. 

"Nani huyu?"

"Hapa wote wanamwita Mama Mvuke, afande," alijibu Sajini, mwanamke kijana mwepesi wa macho na wa ulimi. "Mkuu wa chumba hiki. Mikasi, visu, vibano, kila kifaa cha upasuaji hupita humu kuuliwa vijidudu kabla ya kumgusa mgonjwa."

Mtambo ulikuwa mkubwa kama kabati la nguo. Mlango wake wa chuma ulikuwa wazi, na trei za vifaa zilikuwa bado zimepangwa ndani. Asubuhi ile Mama Mvuke alikuwa amezungusha usukani wa mlango huku mvuke ungali umebanwa. Mlango ulifyatuka, mvuke ukamvaa usoni na kifuani, naye akakata roho palepale.

Inspekta alitembea kando ya ukuta asije akaharibu ushahidi. Sakafuni, mbali kidogo na mlango, palikuwa na mstari wa plasta nyeupe ya hospitali, umebandikwa toka ukuta hadi ukuta. Kingo zake zilikuwa zimechakaa kwa kudekiwa.

"Na huu mstari?"

"Labda alama ya mafundi," alisema Sajini.

Meneja wa hospitali aliingia akijifuta jasho kwa leso. Alikuwa na suti nzuri na haraka nyingi.

"Inspekta, tumesikitika mno. Lakini ukweli usemwe. Marehemu alifanya uzembe. Alilazimisha komeo la usalama kabla mvuke haujatoka. Nimeshaandaa taarifa. Tunaomba maiti iondolewe, maana kesho tuna watu wa kupasuliwa na mtambo huu lazima uwake."

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwa ofisini."

"Ulimwona akilazimisha?"

"Sikumwona, lakini..."

"Basi rudia tena. Safari hii nieleze ulichokiona tu."

 Kituoni Inspekta alijulikana kwa jina la Rudia-Tena, na si wote waliolitamka kwa mapenzi.

Nje ya mlango alisimama binti wa marehemu, msichana aliyevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi. Hakuwa akilia. Alikuwa ameshikilia mkoba wa mama yake kwa mikono miwili.

"Pole sana, mwanangu," Inspekta alimwambia.

"Asante, baba." Akaukumbatia mkoba. "Wanasema mama alijiua kwa uzembe. Mama huyu nyumbani alikuwa akichemsha maziwa anatusogeza sote mbali na jiko. Uzembe atautolea wapi? Mnaenda kumzika na jina hilo?"

Inspekta hakupenda kutoa ahadi kwa wafiwa. Aliwahi kuona ahadi za polisi zikiwaumiza watu kuliko msiba wenyewe. Lakini aliutazama mkoba ule mikononi mwa yule binti.

"Nipe siku ya leo," alisema.

Alirudi ndani na kumulika mlango kwa tochi. Komeo la usalama lilikuwa ulimi mnene wa chuma. Mvuke ukijaa, linashuka na kuuzuia mlango. Mvuke ukitoka wote, linanyanyuka lenyewe. Mtu angelilazimisha, pangekuwa na mikwaruzo au lingepinda. Hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Sajini, lete macho yako ya ujana. Hapa shingoni pa komeo pana nini?"

"Pamesuguliwa, afande. Panang'aa. Kama palikuwa pamefungwa kitu kwa muda mrefu."

Sajini aliingiza kibano nyuma ya bomba lililopita juu ya komeo. Akatoa kipande cha uzi mweusi, kifupi kama ukucha, chenye fundo katikati. Ncha zake zilikuwa zimekatwa safi. Alikitia katika mfuko wa ushahidi, wakatazamana.

Komeo lilikuwa limefungwa juu kwenye bomba lisishuke. Na mtu alikuwa amekata uzi huo.

Fundi wa mitambo aliletwa. Meneja alikuwa ameshamwambia kwamba kama si uzembe wa marehemu, basi ni wake yeye.

"Komeo liliharibika lini?" Inspekta aliuliza.

"Kitambo, mzee. Lilikuwa likiganda. Mvuke umetoka, lenyewe halinyanyuki. Niliomba lingine jipya. Nikaomba mtambo uzimwe."

"Ukaomba kwa nani?"

"Kwa Meneja. Akasema upasuaji hausubiri komeo."

"Na geji, kile kipimo cha mvuke?"

"Mshale nao unakwama. Unaweza kusoma sifuri na ndani bado kumejaa. Nililisema na hilo."

"Wewe ndiye uliyelifunga komeo?"

"Hapana! Haki ya Mungu, hapana."

"Rudia tena."

"Sikulifunga, mzee. Mimi nikifunga kitu nafunga kwa waya na koleo. Uzi wa nini mimi?"

Inspekta alikuwa hajataja uzi. Alimkazia macho. "Nani kakwambia ni uzi?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Niliuona. Wote humu tuliuona. Nilipouuliza, nikaambiwa niufumbie macho mpaka komeo jipya lije."

"Uliambiwa na nani?"

"Na marehemu. Akasema si amri yake, na mimi nisijitafutie makubwa. Zaidi ya hapo sijui, mzee."

Msaidizi wa Mama Mvuke, mama mmoja mnene mwenye macho yaliyovimba kwa kulia, alijibu kwa mkato.

"Ulikuwa wapi mlango ulipofyatuka?"

"Nyuma yake. Pale kwenye plasta."

"Kisha?"

"Nilipiga kelele. Daktari wa upasuaji alikuwa wa kwanza kuingia. Akatuambia sote tutoke ampatie huduma."

"Alibaki peke yake?"

"Na marehemu."

"Nani alilifunga komeo, mama?"

Yule mama alivuta upindo wa koti lake la kazi, akauviringisha kidoleni kama anayetafuta kanga ya kujifutia. "Afande, mimi nina watoto. Naomba unihurumie."

Inspekta alimwacha. Hofu ya namna ile haivunjwi kwa kufokewa.

Daktari alikuwa ofisini kwake, nyuma ya meza iliyojaa mafaili. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na wagonjwa walimsifu hadi kumwombea dua asihamishwe. Hospitali nzima ilimtegemea yeye.

"Nilijitahidi," alisema. "Alikuwa ameshakwenda."

"Uliliona komeo?"

"Sikuwa na macho ya komeo, Inspekta. Nilikuwa na mtu chini."

"Unadhani alilazimisha?"

Daktari aliangalia dirishani. "Watu huchoka. Mtu akichoka hukosea."

Alipokuwa akisema, vidole vyake vilikuwa vikichezea mpini wa droo. Mpini ule ulikuwa umeviringwa nyuzi nyeusi nyingi, zimepangana kama nywele zilizosukwa. Inspekta alidhani ni pambo. Aliaga, akatoka.

Mchana wakaenda kwa daktari wa uchunguzi wa maiti, bibi mmoja mkavu wa maneno aliyekuwa akinywa chai pembeni ya mizani ya kupimia viungo. Aliweka uzi chini ya kioo cha kukuza.

"Kifo ni mvuke tu. Hakuna pigo lingine. Lakini huu uzi wako umenifurahisha."

"Umekufurahisha nini, mama?"

"Ni hariri ya kushonea vidonda. Na fundo hili silo la kufungia kuni. Mizunguko miwili kwanza, ili usilegee. Kisha mmoja kurudi. Kisha huyu bwana akaongeza miwili tena. Wengi wetu tunaishia kwenye huo mmoja wa kurudi. Huyu ana woga wake, au alikuwa na mwalimu mkali."

"Bwana? Umejuaje?"

"Sijui. Nimesema tu. Ila ni mtu wa upasuaji. Vidole vyake havijui kufunga vingine. Hata kamba ya kiatu ataifunga hivi. Tukiwa wanafunzi tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye kila kitu, kwenye viti, kwenye mipini ya droo..."

Inspekta alikuwa ameshasimama. Sajini alilazimika kuimeza chai ya moto aliyokaribishwa kwa mkupuo, akaisikitikia njia nzima.

Walimkuta Daktari akitoka chumba cha upasuaji, barakoa ikining'inia shingoni. Inspekta aliomba wakae ofisini. Hakukaa. Alichuchumaa mbele ya droo, akasogeza kioo cha kukuza alichoazima, akazitazama nyuzi moja baada ya nyingine. Mizunguko miwili, mmoja, miwili. Zote.

Aliweka mfuko wa ushahidi juu ya meza.

"Daktari, kipande hiki kilikuwa nyuma ya bomba, juu ya komeo. Uliukata uzi, ukauvuta. Fundo likabaki."

"Hapa tuko madaktari wengi tunaojua kufunga nyuzi."

"Wangapi wanaofunga namna hii?"

Daktari aliziangalia nyuzi za droo.

"Nani aliyewatoa watu chumbani?"

"Nilitaka nafasi ya kumhudumia."

"Ulipomgusa alikuwa hai?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unamhudumia nani?"

Daktari aliketi. Aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na unga wa glavu, akaanza kulia bila sauti. Sajini alitazama pembeni. Inspekta aliona uchungu moyoni, kwa sababu alitamani muuaji awe mtu wa kumchukia.

"Siku ya kwanza tuliletewa mama mjamzito anatokwa damu," Daktari alisema hatimaye. "Trei ilikuwa ndani ya mtambo. Mvuke umeshatoka, komeo limeganda. Mama Mvuke anahangaika nalo, na mimi nasikia mgonjwa wangu anaisha. Nikaingia na uzi mfukoni, nikalinyanyua kwa koleo, nikalifunga kwenye bomba. Mlango ukafunguka. Mama yule alipona, na mtoto wake."

"Kisha?"

"Kisha nikasema tuliache hivyo mpaka lije jipya. Kazi ilikwenda haraka. Mama Mvuke aliukata uzi. Nikaufunga tena. Akaukata tena, nikamfokea mbele ya watu. Nilimwambia mgonjwa akifa mezani, damu itakuwa juu yake." Alijifuta uso kwa kiganja. "Hakuugusa tena."

"Na leo?"

"Leo nilikuwa nimemfungua mgonjwa na kibano kimoja kimeanguka. Nikapiga kelele kwenye dirisha la kupokelea vifaa, 'Mama Mvuke, vifaa!' Nikapiga mara nyingi. Mshale wa geji ulisoma sifuri. Naye akafungua. Niliposikia mlio nilimwachia mwenzangu mgonjwa, nikakimbia."

"Kwa nini uliukata uzi?"

"Nilijiambia ni kwa ajili ya wagonjwa. Nikifungwa, watu hawa wote nitamwachia nani? Nilipousikia mkasi ukiuma ule uzi nilijua ni uongo. Nilipoufunga nilikuwa namfikiria mgonjwa. Nilipoukata nilikuwa najifikiria mimi. Na aliposema Meneja kwamba ni uzembe wake, nilinyamaza."

"Utayarudia maneno haya kwa maandishi?"

"Nitayarudia."

Inspekta hakumwambia arudie tena. Alimsomea haki zake, akamwachia Sajini amwandikie maelezo. Kisha akampigia Meneja simu, akamtaka afike kituoni na mwanasheria wake, aeleze kwa nini mtambo ulioombewa kuzimwa uliendelea kuwaka.

Jioni Inspekta alikwenda kuutia mtambo lakiri ya polisi ili usiwashwe. Binti wa marehemu alimfuata, na msaidizi wa mama yake nyuma yao.

"Mama yako hakuwa mzembe," Inspekta alisema. "Komeo lilifungwa na mtu mwingine. Amekiri. Taarifa ya Meneja imefutwa."

Binti aliitikia kwa kichwa. Machozi yaliyogoma tangu asubuhi sasa yalimtoka, akayaacha yatiririke.

"Lakini alijua, baba," alisema. "Alijua mlango ni mbovu. Kwa nini aliendelea kuufungua?"

 Msaidizi alisogea, akaonyesha plasta sakafuni kwa ncha ya kiatu.

"Huu mstari aliubandika yeye, mwanangu. Siku ileile alipofokewa. Akatuambia sisi wote, mlango ukiwa unafunguliwa, asiwepo wa kuvuka hapa isipokuwa yeye. Nilimwambia tupokezane, leo wewe, kesho mimi. Akasema mimi watoto wangu bado wadogo, yeye wake ameshakua, anasomea uuguzi." Akajifuta macho kwa upindo wa koti. "Leo ilikuwa zamu yangu ya mtambo. Akanisukuma nyuma ya mstari kwa kiwiko, kama kawaida yake, huku ananitania kwamba mimi mnene nitaziba mlango."

 Binti alivua viatu, akasogea mpaka vidole vyake vya miguu vikaigusa plasta, akasimama hapo akiutazama mlango wa chuma.

Mhudumu wa usafi alikuja na ndoo na kikwangua, tayari kusafisha chumba sasa kwa kuwa uchunguzi umekamilika.

"Afande, hii plasta niibandue?"

"Iache," alisema Inspekta. "Iache hapohapo."