Mpira wa Tatu wa Injini

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Usta Makram, fundi wa magari wa Damanhur, Misri, mwaka 1994, siku ya tatu ya matanga ya mama yangu. Aliisimulia vizuri, ila alikosea mara mbili. Alisema ulikuwa usiku. Haukuwa usiku, zilikuwa zimebaki dakika arobaini kabla ya adhana ya magharibi. Na alisema kile kitu kililia. Hakikulia. Nilikuwapo, nimeshika taa.

Ilikuwa Ramadhani ya 1985, siku ya ishirini na tano. Kaka yangu Fathi alikuwa na gari dogo jeupe, akibeba abiria kwenda Dilingat na kurudi. Tangu alinunue, mkewe Karima alikuwa amepoteza mimba mbili, zote katika mwezi wa saba. Sasa alikuwa na ya tatu, na mwezi wa saba ulikuwa umeingia. Daktari alitaka afikishwe hospitali ya Iskandaria asubuhi inayofuata, alale huko mpaka ajifungue. Lakini gari lilitetemeka hata meno yakagongana mdomoni. Daktari mwenyewe alisema: mama huyu asipandishwe humo.

Gereji zote zilikuwa zimefungwa, kila mtu akiwahi futari. Makram, kwa kuwa ni Mkristo, alikuwa bado kazini.

"Ninyi mmefunga maji, sisi tumefunga nyama na samli," alimwambia Fathi. "Sote tuna njaa, kwa hiyo usinipigie kelele. Gari lina nini?"

"Linanitikisa kama mtu anayepeta ngano, Usta."

"Tia gia ya kwanza. Kanyaga breki, achia klachi kidogo, ongeza moto."

Fathi akafanya. Injini ikainuka upande mmoja, ikaanguka. Gu! Ikainuka tena.

"Punda kaumwa na nzi," Makram akacheka. "Mipira ya kushikilia injini imekufa. Iko mitatu. Tunabadilisha yote."

"Badilisha miwili."

Aliyesema ni mama yetu. Alikuwa ameng'ang'ania kuja nasi bila kutaja sababu, naye hakuwa mtu wa magereji. Alikaa mlangoni, kikapu cha tende mapajani.

"Bi mkubwa, umeanza lini ufundi?" Makram akamuuliza.

"Ule wa upande wa dereva uacheni. Ni mzima."

"Hata hujauona."

"Nimesema ni mzima."

"Mama, hiyo ni njaa inasema," Fathi akamwambia kutoka ndani ya gari. "Usta, toa yote. Kesho nambeba Karima."

Mama akachukua tende moja. Alianza kuitoa kokwa kwa kucha.

Makram aliweka kipande cha ubao juu ya jeki, akainua injini kwa chini, polepole, mpaka uzito ukatoka kwenye mipira. Wa kwanza ulitoka umepasuka katikati, mkavu kama kisigino cha mkulima. Wa pili ulikuwa umeachana na chuma chake. Hakuna cha ajabu. Aliitupa kwenye beseni.

Akahamia upande wa dereva.

"Binti, leta taa karibu."

Nilisogea. Ndipo harufu ikanifikia.

Haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha, na chini yake kitu kama mfereji wa machinjioni wakati wa joto. Ilinikaa kwenye ulimi. Niliziba pua, nikaendelea kuionja.

"Paka kafia humu?" Fathi akauliza.

Makram hakucheka. Mpira ule ulikuwa umelowa. Uling'aa. Alipoubonyeza kwa mtaimbo haukurudi kama mpira unavyorudi. Ulibonyea polepole kama jipu, kisha pembeni pakatoka ute wa manjano wenye nywele laini ndani yake, nywele kama za kichanga.

"Mpira huu ni mgumu, hauna maji ndani," akanong'ona. "Haya yanatoka wapi?"

Alifungua bolti. Ya kwanza. Ya pili. Mpira ukalegea, lakini haukutoka. Akaupindua kwa vidole... kitu kikaufuata.

Kilikuwa na unene wa kidole gumba. Cheupe, chenye mishipa ya buluu, kimejisokota kama kamba. Kilitoka kwenye tundu la mpira, kikapita nyuma ya bodi, kikapotea chini ya kiti cha dereva.

"Huu si waya," Makram akasema.

Injini ilikuwa imezimwa. Kile kitu kilikuwa kinapiga.

Tup... tup... tup...

Makram alikigusa kwa ncha ya bisibisi. Ndani ya gari Fathi alitoa sauti fupi, akajishika kitovu kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umekuwa rangi ya chokaa.

Nilikimbilia ukutani nikatapika. Hakukuwa na chakula tumboni, maji machungu tu. (Aliyetapika bila kukusudia hajafungua. Niliuliza baadaye.)

Niliporudi Makram alikuwa ameshika kisu.

"Usikate!" Mama alikuwa amesimama, tende zimemwagika. "Usikikate, nakuomba kwa Bikira. Ni kitovu cha mwanangu."

Alisema maneno hayo kwa haya, kama mtu aliyefumaniwa na chungu cha jirani.

Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka hakitupwi ovyo. Anayetaka mwanawe asome hukifukia shuleni. Anayetaka awe mcha Mungu hukipeleka msikitini. Mama alikosa pa kukipeleka cha Fathi. Alikihifadhi miaka thelathini na moja, ndani ya pamba, na chumvi. Fathi aliponunua gari, mama alimpa fundi mwingine wa zamani, ambaye sasa ni marehemu, akichomeke kwenye tundu la mpira.

"Nilitaka arudi nyumbani tu," alisema. "Barabara zinakula watoto wa watu. Na amerudi. Kila siku amerudi."

"Na wale wawili wa Karima?" Fathi akauliza. Alikuwa ameshuka, ameegemea mlango. "Mama. Ulijua?"

Tup... tup...

"Nilipotoka kumwosha maiti wa pili," mama akasema, "nilikaa garini. Nikasikia harufu ileile aliyokuwa nayo."

"Ulijua!"

"Nilikisia. Humu mna nafasi ya mmoja, mwanangu. Kinawanyonya wao na kukulisha wewe."

Fathi alimtazama kama tunavyotazama kitu kilichookotwa chini ya jiwe. Mtazamo ule sijausahau, na mama hakuusahau.

"Mimi nakata," Makram akasema.

"Ukikata kwa chuma Fathi atavuja damu mpaka aishe. Kwanza kinafungwa." Mama alichomoa uzi kwenye pindo la mtandio wake. "Na nikikikata hatarudi tena. Jueni hilo. Nalijua mimi ninayekata."

Hakuna aliyemzuia.

Alipiga magoti kwenye mafuta, akainama ndani ya injini. Alikifunga mahali pawili, akikaza kwa meno. Ute ulimtiririka mpaka kwenye viwiko. Mimi nilimulika. Nilitaka kufumba macho lakini taa ingekwenda kombo.

Kisha akaweka kile kitu mdomoni.

Akatafuna.

Kilikuwa kigumu. Nilisikia kikikwaruza kwenye magego yake, kama gegedu la shingo ya bata. Kitu cha joto kilimrukia kidevuni. Katikati ya hapo adhana ikaanza, kutoka msikiti wa sokoni, kisha mwingine, kisha yote. Mama akameza.

Hicho ndicho alichofungulia.

Kipande kilichokuwa chini ya kiti kilijivuta ndani, taratibu, kama mkia. Makram alipolitoa zulia hakukuta chochote. Alifunga mipira mipya mitatu, akawasha. Injini ilitulia kabisa. Ukingoni mwa radieta aliweka glasi ya chai, wala haikumwagika.

Karima alifika Iskandaria salama. Mtoto wao, Nihad, alizaliwa katika mwezi wa nane wa mimba, mzima. Kitovu chake kilidondoka siku ileile, kikavu, cheusi, kinanuka mafuta ya injini. Mkunga alikishika kwa karatasi.

Mama hakula nyama tena. Fathi alianza kuchelewa kurudi, kisha kulala nje. Mwaka 1987 alivuka kwenda Libya kutafuta kazi. Hatujapata barua hata moja.

Kati ya wote ambao jioni ile iliwahusu, mama alifariki 1994. Usta Makram alifariki 2009. Gereji ni ya mpwa wake. Walio hai ni Karima, ambaye hakuwapo Makram aliposimulia wala hajawahi kuambiwa, na Nihad, mwenye watoto wawili. Na mimi.

Ule mpira wa tatu mama aliniachia, katika kopo la samli lililojaa chumvi. Nalifungua kila Ramadhani, nimefunga kitambaa puani. Mwaka huu chumvi ilikuwa imelowa tena, ya manjano, na mpira ulikuwa na joto mkononi.

Kwa hiyo Fathi naye namwandika miongoni mwa walio hai.